Mdogo Wake Ana Kitufe, Yeye Ana Wito

Kengele ya kipindi cha pili inalia, na mwalimu wa fizikia anatoka ofisini amekumbatia ubao kama mtu anayehama nyumba. Anauegemeza kwenye ukuta wa stoo, anausukuma kwa mguu ukae sawa, kisha anawageukia wanafunzi wake arobaini na wawili. Wamekalia matofali na mabenchi ya kuazima. Jua limeshawafikia wa pembeni.

Mkabala nao ni maabara, madirisha yote wazi. Ndani kinasikika kicheko, halafu makofi.

Chaki inakatika mkononi mwa mwalimu. "Makofi tena," anasema, kisha anamsogelea mwandishi wa habari hii. "Wivu unanila, nisikufiche. Andika tu."

Basi na iandikwe.

Muhula uliopita aliingia maabara akakaribishwa na harufu ya gesi. Alipoinama chini ya meza aliona bomba limeliwa na kutu. Aliwatoa wanafunzi, akaenda kwa mkuu wa shule na kusema haingii tena mpaka fundi aje.

"Mkuu akaniambia nifungue madirisha. Nikamwambia, mkuu, kiberiti hakiulizi kama dirisha liko wazi. Akatikisa kichwa: 'Mwalimu, ualimu ni wito.'"

Mwakilishi wa chama cha walimu alimweleza kwamba sheria ya kazi inamruhusu mfanyakazi kukataa kazi inayohatarisha uhai wake, na mwalimu ni mfanyakazi kama wengine. "Haki ipo," anasema. "Ila mwalimu ukiidai, unaambiwa huna wito. Mimi nikabandikwa jina, Mwalimu wa Nje."

Jina angelivumilia. Kilichomchoma ni rafiki yake wa tangu chuoni, mwalimu wa kemia, ambaye aliendelea kuingia maabara na kuwasha moto kama kawaida. Wanafunzi wake wanachoma na kuchanganya, wakati wa fizikia wanachorewa mitambo ubaoni. Uongozi wa idara ya sayansi, uliokuwa ukitarajiwa kwenda kwa mwalimu wa fizikia, akapewa rafiki. Naye wa fizikia akaambiwa achague: arudi maabara kabla muhula huu haujaisha, au ahamishwe.

"Nilimpongeza. Nikamkumbatia kabisa," anasema. "Nilipofika nyumbani nikafua mashuka yote, hata masafi."

Lakini wivu mkubwa ulimpata Jumapili moja kwa mama yake, mezani.

Mdogo wake anafanya kazi kiwanda cha sabuni. Shule yake iliishia njiani, karo ikamfuata dada mtu, huyu mwalimu wetu, aliyekuwa na akili ya darasani. Jumapili hiyo mdogo mtu alisimulia, huku akitafuna, jinsi alivyoona kifuniko cha mashine kimelegea. Akapaza sauti "Nazima!", akabonyeza kitufe chekundu, kiwanda kizima kikanyamaza. Msimamizi akaja na kumshukuru.

"Akakushukuru?" dada aliuliza.

"Ndiyo. Kwani shuleni kwenu hamna kitufe, dada?"

"Sisi tuna wito."

"Haya. Sisi hatuna wito, tuna kofia ngumu."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Msomi wake hakucheka. "Nilimwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja," anasema. "Chakula kilinishinda. Yeye akiogopa, mashine inasimama. Mimi nikiogopa, nahamishwa."

Kesho yake akawasimulia wanafunzi wake habari ya kitufe. Kosa lake, au akili yake, ni hapo. Neno likashika shule nzima kama upele. Mpira ukichezwa vibaya, "Nazima!" Uji ukija umeungua, "Nazima!" Mkuu wa shule akalipiga marufuku, na hapo ndipo likanoga.

Leo, kabla kipindi hakijaisha, makofi ya maabara yanakatika. Kisha sauti ya msichana inapasua madirisha: "Mwalimu, inanuka! Nazima!"

Safari hii hakuna anayecheka. Mlango unafunguliwa na wanafunzi wa kemia wanatoka mbio, koti jeupe la mwalimu wao likiwa la mwisho. Anakwenda kufunga koki ya mtungi wa gesi nyuma ya jengo, anarudi, anakaa kwenye benchi la fizikia.

"Sogea, rafiki yangu," anasema. "Na mimi nimezima."

Wanashikana mikono. Mwalimu wa fizikia analia, na ni machozi ya kweli. Mtu yeyote angedhani wivu umeisha.

Mchana, mbele ya shule nzima, mkuu anatangaza kwamba maabara imefungwa na fundi ameitwa. Habari ya uhamisho haitaji. Anamsifu mwalimu wa kemia kwa "ujasiri wa kuokoa watoto". Makofi yanapigwa.

"Umesikia?" mwalimu wa fizikia anamnong'oneza mwandishi. "Kukataa kwake ni ujasiri. Kwangu kulikuwa ukaidi. Nafurahi wamepona, Mungu ananiona. Lakini moyo una mambo yake."

Mpango anao. Anataka fundi asiishie kwenye bomba, bali aweke kitufe chekundu mlangoni mwa maabara, cha kukata gesi, ambacho mwalimu au mwanafunzi yeyote ataruhusiwa kukibonyeza bila kuulizwa habari ya wito. Mdogo wake ameahidi kuja kuwafundisha kukitumia.

Na siku ya kukijaribu?

"Nitalala mlangoni," anasema, akibeba ubao wake. "Yule wa kemia asinitangulie tena."