Vidonge vya Mgongo

Mimi ndiye niliyevileta nyumbani vile vidonge. Niseme mapema, maana mtaani kwetu Panda watu hupenda kumsingizia shetani. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka machimbo ya Kambove amejikunja, hawezi hata kuvua viatu, nami nikamhurumia. Kwenye kibanda cha dawa sokoni nilieleza shida, muuzaji akanifungia vidonge katika kipande cha gazeti bila kuuliza lolote.

"Ya mugongo hii, mama. Ya nguvu."

Kesho yake mume wangu alikwenda kazini akipiga mluzi. Nikajisifu kwa jirani kwamba mimi ni daktari.

Kilikuwa kimoja, vikawa viwili, mwishowe akawa anavitupia mdomoni kama karanga. Wenzake shimoni karibu wote wanavimeza. Vinaondoa maumivu, na woga wa kule chini pia. Sikupenda, lakini nilinyamaza, mimi huyu ninayegombana hata na kuku.

Halafu mchana mmoja aliingia akaketi, akadai bukari, ugali wake wa mchana. Nyuma yake sakafu ilikuwa na damu kuanzia mlangoni. Msumari ulikuwa umetoboa kiatu ukamwingia unyayoni.

"Weye, angaria mguu yako!"

Aliutazama kama mguu wa mtu mwingine. "Minye sisikie kintu," akasema, akamega tonge.

Hapo niliingiwa na hofu ambayo mpaka leo haijatoka. Wachimbaji hawana ngazi. Hushuka wameshika kamba, huku miguu ikipapasa vitobo vilivyochongwa ukutani mwa shimo. Mtu asiyesikia msumari atasikiaje kitobo?

Nilivimwaga vyote chooni. Siku ya pili alitapika, akatoka jasho, mikono ikamtetemeka hata chai ikamwagika kifuani. Hata hivyo akaenda kazini. Nilimfuata, na kwa aibu yangu nilipitia kwanza kibandani nikanunua vingine, nikavificha kifuani.

Mwanamke haruhusiwi kukaribia shimo; wanasema madini yatakimbia. Kwa hiyo nilibaki bondeni, kijitoni, na wenzangu tunaoosha mawe ya madini. Haukupita muda, mwenzake wa kushika kamba akateremka mbio.

"Mama, umupe ile dawa. Mikono inatetema sana, na anakatala kubakia huku juu. Ataanguka, mama. Umupe tu."

Bila vidonge, mikono ingemwangusha. Kwa vidonge, miguu. Nilisimama majini nikitafuta njia ya tatu, nisiione. Wanawake waliokuwa karibu nami waliinamisha vichwa kwenye makarai yao. Wengine nao walikuwa na vyao vifuani. Nikatoa viwili.

Mchana kutwa niliosha mawe bila kuyaona. Kila sauti iliyopigwa juu ya kilima iliniinua kichwa. Niliomba Rozari nikachanganya mafumbo, nikaanza upya, nikachanganya tena.

Alipotokea bondeni alikuwa mwekundu kwa udongo toka utosini, mzima, akitembea kwa miguu yake miwili. Nililia mbele za watu bila haya. Alinijia akicheka.

"Weye unalia nini? Niko muzima. Kesho uniletee tatu."

Nikasema ndiyo. Nilisema upesi, kabla hajabadili mawazo akaenda kuvitafuta kwa mtu mwingine asiyevihesabu.