Mjuaji na Gia ya Shemeji Yake

Kwa Mjuaji, dunia ilikuwa na watu wa aina mbili: wasiojua gia, na wanaojifanya wanajua. Yeye hakuwa katika hesabu hiyo. Alikuwa aina ya peke yake. Jina la Mjuaji alipachikwa na wenye boti kwa kejeli, naye, kwa kuwa hakuwahi kudhani mtu anaweza kumcheka, akalipokea kama cheo. Aliliandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa karakana yake pale gatini.

Ufundi alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Mashine za boti kuukuu, ambazo wenzake walishazikatia tamaa, yeye aliziamsha. Tatizo lilikuwa mdomo. Mwalimu mmoja mwenye boti, aliyekuwa na tabia ya kuvuta gia mashine ikiwa imezimwa aliambiwa arudi shule, na safari hii akae dawati la mbele. Vijana waliokuja kujifunza kazi waliondoka mmoja mmoja, na mwanawe wa kumzaa aliona heri akaoke mikate kwa watu. Mjuaji alisema wote hao ni wavivu.

Wateja waliobaki walibaki kwa sababu ya mkewe. Kila aliyetoka karakanani amenuna, mama huyo alimfuata mpaka kwenye ngazi za gati na kumtuliza: "Msamehe bwana, ndivyo alivyo. Mashine atakutengenezea vizuri." Kazi hiyo aliifanya miaka nenda rudi bila kuajiriwa na mtu. Mumewe, kichwa kikubwa kile, aliamini wateja wanarudi kwa ajili yake.

Asubuhi moja ikaja boti ya shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye riziki yake ni kuvusha abiria. Haikuja kwa heri. Shemeji aliweka gia katikati ili aingie taratibu, boti ikazidi kwenda mbele. Akavuta rivasi, mashine ikatoa mkwaruzo wa kutia meno ganzi, gia ikachomoka, na boti ikaligonga gati kwa pua.

Mjuaji hakuuliza kama kuna aliyeumia. Alisimama juu, mikono kiunoni, akapaza sauti ili hata aliye mwisho wa gati asikie.

"Shemeji, hiyo ni gia au unakoroga uji? Mikono kama hiyo mtu anapewa jembe, hapewi boti! Jamani abiria, huyu kesho atawazamisha. Tafuteni boti nyingine."

Abiria wawili wakaenda kutafuta boti nyingine kweli. Shemeji, mtu mpole ambaye upole wake Mjuaji aliuita ubwege, aliinamisha macho.

"Imeanza wiki hii, shemeji. Mimi sijaigusa."

Mke wa Mjuaji alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Akaliweka chini. Aliingia ndani, akatoka na begi, akampita mumewe, akashuka ngazi na kukaa ndani ya boti.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa kaka yangu. Tengeneza mashine tuondoke."

"Kwa muda gani?"

"Nimechukua nguo zote."

Mjuaji akacheka kwa puani. Hasira za wanawake alizijua pia, kama alivyojua kila kitu, zitapoa tu. Kwanza aonyeshe mjinga ni nani.

Alishuka botini, akazima mashine, akaiinua propela itoke majini, kisha akamwamuru shemeji asogeze mkono wa gia polepole, yeye akizungusha propela kwa kiganja. Mbele, ikashika. Katikati ilipaswa kuzunguka huru, lakini bado ilishika. Nyuma iling'ata kidogo tu kwenye ncha za meno, kisha ikateleza. Mkono wa gia wenyewe ulikuwa mzima, haujalegea popote. Basi ugonjwa ulikuwa chini, ndani ya mguu wa mashine, ile sehemu inayozama majini, kwenye fimbo inayounganisha mkono na gia.

"Umeufungua mguu," alitangaza. "Umeufungua kwa koleo lako la baiskeli, ukavuruga kazi yangu."

"Sijaufungua."

"Boliti zitasema!"

Alikuwa na desturi yake. Akishafunga boliti, huidondoshea rangi nyekundu ya kucha, ambayo humchukulia mkewe bila kuomba, nusu kwenye boliti na nusu kwenye bodi. Mtu akiigeuza, rangi inapasuka. Mguu huu aliufunga yeye mwezi uliopita, alipobadilisha pampu ya maji. Sasa akapiga magoti kutafuta ufa. Aliangalia boliti zote, akaziangalia tena. Rangi ilikuwa nzima.

Akazilegeza kimya kimya, akaushusha mguu kidogo na kuchungulia. Fimbo ya gia ina vipande viwili vilivyoungwa kwa nati ndefu, na nati ndogo huikaza ile ndefu isijizungushe. Nati ndogo ilizunguka kwa ncha ya kidole. Haikuwahi kuguswa na spana. Mtetemo wa mashine ulikuwa umeihamisha ile ndefu kidogo kidogo, mpaka gia ikapoteza mahali pake.

Mkewe alikuwa ameinama akitazama kidole hicho.

"Nati hiyo hukazwa na nani?"

"Na fundi."

"Fundi gani?"

Mjuaji akajifanya anatafuta spana.

"Baba watoto," mkewe akasema, "miaka yote nimekuombea radhi kwa watu. Leo omba mwenyewe. Mwambie kaka yangu umekosea. Ukisema hivyo tu, nashuka na begi langu."

Shemeji akaanza kusema haina haja. Dada yake akamnyamazisha kwa mkono.

Mjuaji akafungua kinywa. Neno lilikuwepo, na alitaka mkewe ashuke, alitaka sana. Lakini aliinua macho akaona wenye boti watatu wamesimama gatini, watu aliowaita mbumbumbu kila siku ya Mungu. Wamsikie hao?

"Nati za siku hizi chuma chake laini," akasema. "Zinajilegeza zenyewe."

Mkewe akageuka kutazama maji.

Basi akaitengeneza, na aliitengeneza vizuri ajabu. Aliweka mkono wa gia katikati, akaiweka na gia ya chini katikati, akaunga fimbo, akakaza nati zote mbili kwa spana mpaka mishipa ikamtoka. Alipoufunga mguu na kujaribu, kila hatua ilisikika tak, safi. Mjuaji alipopanda gatini, shemeji akawasha mashine, akafungua kamba, halafu akakawia. Mke wa Mjuaji naye akamtazama mumewe. Mjuaji aliwaona wanasubiri, na alijua wanasubiri nini.

"Gia usiibembeleze!" akapaza sauti. "Ivute mara moja!"

Shemeji akaivuta mara moja. Rivasi ikaingia bila mkwaruzo, na boti ikarudi nyuma polepole, ikimwondoa mkewe gatini uso wake ukimwelekea.

"Mmeona?" Mjuaji akawageukia wenye boti. "Mmeona gia inavyoingia?"

Wote watatu walikuwa wakimpungia mkono mkewe.