Landrova Iliyokalafatiwa

Ushirika wetu ulipokufa hatukupewa maiti tuzike. Tulipigiwa mnada. Ilikuwa miaka ya ruksa, wakati wakubwa walipogundua kwamba mali ya watu wote haina mwenyewe, wakajitolea kuitafutia wenyewe. Siku moja akaja Kibiti dalali mwenye tai, akasimama mbele ya ghala la korosho, akauza mizani, akauza viti, akauza hata kengele iliyokuwa ikiwaita wakulima mkutanoni. Magari yenye injini nzima yalikuwa yamekwisha kununuliwa kimyakimya na mhasibu na jamaa zake kabla tangazo halijabandikwa ukutani. Mabovu yakaachiwa wananchi, ili nasi tuonje ushindani huria.

Katika mabovu hayo ilikuwapo Landrova. Ilikuwa imetupwa nyuma ya ghala kwa miaka mingi. Nyasi zilitoboa sakafu zikachungulia dirishani, viti viliisha kwa panya, na kuku wa mlinzi walitagia mahali pa betri, kwa kuwa betri yenyewe ilikuwa imemtangulia mhasibu nyumbani. Zamani gari lile lilituletea dawa ya kupulizia mikorosho, na honi yake ikisikika tu watoto walitoka mbio. Tulikuwa tukisema ni gari letu, ingawa aliyelipanda ni katibu peke yake. Lakini angalau tulikuwa na cha kusema.

Aliyeinunua ni Haidari wa Kiongoroni, kule kwenye visiwa vya delta, na hapa ndipo ilipo habari yangu.

Haidari alikuwa fundi mkalafati. Kwa vijana wasiojua, mkalafati ni mtu anayeshindilia pamba kwenye maungo ya mbao za mashua kwa patasi na nyundo, kisha anapaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake huweza kumtoa mgeni nyumbani kabla hajaulizwa ataondoka lini. Chombo kilichopita mikononi mwa Haidari, ungeweza kulala sakafuni mwake safari nzima ukaamka na mgongo mkavu. Alikuwa hana jambo jingine la kujivunia duniani, wala hakulihitaji.

Kilichomtoa Kiongoroni ni mkewe. Mwanaheri alikuwa binti wa wakulima wa Umwe. Mama yake alipofariki, habari ilimfikia wakati maji yamekupwa na mashua zote zimekaa kwenye tope. Ikabidi angoje bahari. Alipofika kwao watu walikuwa wamekwisha anua matanga, na sufuria za msiba zimeoshwa zimerudishwa kwa wenyewe. Hakulia mbele ya watu. Alimwambia mumewe, "Rudi peke yako. Siku utakayokuwa na njia ya kunifikisha kwetu bila kuomba ruhusa ya maji, njoo unichukue."

Baba yake, Mzee Nurdini, akakaza fundo. "Na Idi Kubwa ikifika hujaja, mwanangu, utatuletea talaka yake."

Basi Haidari akauza mashua aliyoiunda kwa mikono yake, akahamia Kibiti kandokando ya barabara, akaenda mnadani. Siku hizo kila mtu alikuwa anauza kitu. Wengine waliuza vya wenzao, yeye aliuza chake, na kwa hiyo ndiye aliyeonekana mjinga.

Wanunuzi wengine walifungua boneti. Haidari hakuigusa. Alilala chali chini ya Landrova, akagonga bati kwa kidole kilichokunjwa, akasikiliza, akagonga tena. Dalali alidhani amepata mtaalamu kutoka mjini.

"Mzee unaonaje injini?" akauliza.

"Injini ni ya fundi wa injini. Mimi naangalia tumbo. Tumbo lina matundu, lakini linatibika."

Nyundo ikagongwa.

Fundi wa injini alikuwa Bashiru, kijana wa Kibiti mwenye mikono mizuri na subira ndogo. Alikwenda Kariakoo akarudi na vipuri vipya kabisa, ndani ya maboksi yenye picha. Hiyo ndiyo ilikuwa baraka ya soko huria. Vipuri vikafa, maboksi yakabaki mapya. Ikabidi arudi kufukua vyuma vya zamani kwenye majalala ya idara zilizofutwa, na hivyo vyuma, vilivyoagizwa na serikali ile iliyokuwa ikitukanwa kila siku redioni, ndivyo vilivyokubali kufanya kazi.

Wakati Bashiru yuko mbele, Haidari yuko chini. Kila upenyo aliushindilia pamba. Milango aliizungushia vipande vya mpira wa ndani wa tairi mpaka ikawa inafungwa kwa kusindikwa na bega. Kisha akaanza kupaka sifa. Paka wote wa Kibiti wakahamia uani kwake.

Siku moja Bashiru alichungulia chini, akashtuka. "Kaka Haidari, hayo matundu ya sakafuni usiyazibe. Yamewekwa na waliotengeneza gari."

"Na wewe ukawakubalia? Mtu mzima anatoboa chombo tumboni kwa makusudi, wewe unaita ufundi?"

"Ni ya kutolea maji."

"Maji yatatoka vipi kama hayakuingia?"

Bashiru akarudi kwenye kabureta yake.

Kazi ilipokwisha, Haidari alikataa gari liondoke kihunihuni. Chombo kipya kwa kawaida yetu hushuliwa. Unaalika watu, unapika wali wa nazi, mwalimu wa madrasa anasoma dua, kisha kijiji kizima kinashika kamba na kukivuta mpaka majini. Basi tukaalikwa kuishua Landrova. Vijana wa Kibiti wenye miwani ya jua walicheka mpaka wakakaa chini, lakini walikula wali. Ubani ukafukizwa, kamba ikafungwa mbele, tukavuta kwa kuitikia kama tulivyofundishwa na baba zetu. Na kwa kuwa betri aliyoipata Bashiru ilikuwa haina nguvu ya kuamsha hata redio, kuvuta kule ndiko kulikohitajika. Bashiru aliachia klachi, injini ikanguruma, moshi ukafunika msikiti, na sisi tuliokuwa mbele na kamba tukajikuta tunakimbizwa na kile tulichokuwa tukikivuta. Nilipoteza kiatu. Hata hivyo nasema wazi kwamba tangu siku ile sijaona watu wa Kibiti wameshika kamba moja.

Masika yalikuwa yanaishia na Idi Kubwa iko mlangoni. Haidari alituma salamu Umwe kwamba anakuja, akafunga juu ya gari pondo la mvule, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, akavaa kanzu, akakaa kushoto kwa Bashiru. Nilikaa nyuma, pamoja na paka mmoja aliyekataa kushuka.

Kabla ya Umwe kuna bonde, na siku ile mafuriko ya mto yalikuwa yamelijaza. Ng'ambo alisimama Mwanaheri na mzigo wake kichwani, baba yake Mzee Nurdini, na kaka yake aitwaye Maneno, ambaye jina lake halikukosewa. Mbele yetu lilipita lori la mfanyabiashara wa mbao. Maji yaliingia mlango huu yakatoka ule, lori likavuka, likaenda zake.

"Umeona?" Haidari akasema kwa huruma. "Linavuja kama pakacha."

Akateremka na pondo, akapima kina, akarudi ameridhika. "Maji ya kiuno. Yangezidi kidogo ingekuwa salama zaidi."

Bashiru akaingiza gea.

Tulikwenda vizuri mpaka katikati. Hapo nikasikia sehemu ya nyuma inainuka taratibu, kama mtu anayetaka kupisha wageni. Bashiru akazungusha usukani kulia, akazungusha kushoto. Gari likaelekea kule lilikotaka lenyewe.

"Kaka! Usukani haushiki!"

"Utashikaje? Tunaelea." Haidari aliinama, akapapasa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa kavu. Sijapata kuona uso wenye furaha kama ule.

"Fungua mlango maji yaingie, gari likae chini!"

"Nifungue mimi? Maji yaingie kwenye kazi yangu?"

Ng'ambo Maneno alikuwa amepata siku yake. "Baba! Shemeji anakuja na mashua yenye tairi!"

"Aliambiwa alete gari," Mzee Nurdini akasema.

"Ni gari, baba, ila limesahau!"

Haidari akatoka dirishani, akapanda juu, akachukua pondo, akaanza kutuongoza. Alituongoza vizuri, siwezi kusema uongo, mpaka tukakwama kwenye kisiki karibu na ng'ambo. Maji yakawa yanatusukuma ubavuni, na nyuma ya kisiki hakukuwa na kitu ila mto wenyewe. Akarudi ndani, akakaa, akatulia kama mtu aliyefika.

Mwanaheri hakumngoja mtu. Aliingia majini na mzigo wake kichwani, maji yakampanda mpaka kiunoni, akaja akasimama penye mlango wa mumewe.

"Fungua nipande."

"Mwanaheri, pitia dirishani. Nikifungua, maji yataingia."

"Mimi si paka. Fungua."

"Hakuna hata tone humu ndani. Tia mkono uone mwenyewe."

"Haidari, nilikuambia nini siku ile? Leo tena niombe ruhusa ya maji?"

Haidari alikishika kitasa. Akaipapasa sakafu kavu kwa mara ya mwisho. Kisha akausukuma mlango kwa bega.

Maji yaliingia yote kwa pamoja, yakatukalia mapajani kabla Mwanaheri hajatukalia. Landrova ikashuka, magurudumu yakagusa ardhi, injini ikakohoa mara ya mwisho ikanyamaza. Yeye akapanda, akaweka mzigo juu ya magoti ya mumewe, akamwambia Bashiru, "Haya, twende."

Hatukwenda. Watu wa Umwe walituvuta kwa kamba mpaka uani kwa Mzee Nurdini, na Maneno ndiye aliyeongoza nyimbo. Bashiru aliiangalia injini siku nzima ya pili, kisha akarudi Kibiti kwa lori la yule mtu wa mbao.

Haidari hakurudi. Alikwenda kumchukua mke akachukuliwa yeye. Alipewa shamba la mpunga katika bonde lile lile, na nilipomtembelea nilimkuta anaziba kingo za jaruba lake la mpunga lisivuje, kwa makini makubwa, Mwanaheri akimletea chai. Ananenepa. Sikumwambia nililokwenda kumwambia.

Nilitaka kumwambia kwamba Kiongoroni sasa wenye mashua wanaziba nyufa kwa lami iliyoibwa barabarani, na abiria hupewa kopo la kuchotea maji kabla hajaulizwa jina. Baadaye wazee wa huko walituma mtu Umwe kumwomba Haidari aje walau msimu mmoja, awafundishe vijana. Mtu yule alirudi peke yake.

"Amesemaje?" tukamwuliza.

"Amesema anapalilia."