Sakafu ya Kando ya Kitanda

Binti yangu aliporudi nyumbani Khayega kutoka Nairobi, alikokuwa akisomea sanaa, aliacha kwenda kanisani. Iliniuma kweli. Kila alfajiri nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwombea kwa sauti, makusudi, ili anisikie akiwa chumba cha pili. Mimi maombi ya kimyakimya sikuyaamini. Mtu akinyamaza nilidhani amesinzia.

Tulipoamua kuweka simiti chumbani mwangu, akaniomba kipande cha ile sakafu ya udongo, pale pale nilipozoea kuombea. Alikikata taratibu kwa panga, akakisafirisha juu ya ubao hadi Kakamega mjini kwa maonyesho yake. Nikamwambia, "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unasomea kubeba udongo." Akacheka tu.

Siku ya maonyesho nilienda shingo upande. Mlangoni tuliambiwa tuvue viatu. Chumba kilikuwa kitupu, kuta nyeupe, dirisha moja, na pale chini katikati, sakafu yangu.

"Hii si ya kwangu?" nikauliza kwa nguvu. Mwendesha boda mmoja alikuwa amesimama, helmeti kwapani, kichwa amekiinamisha. Nikatazama alipokuwa akitazama.

Vishimo viwili. Cha kushoto kimeingia zaidi, maana goti la kulia hunisumbua. Miaka nenda miaka rudi nilikuwa nikivijaza udongo na samadi ya ng'ombe, nikilaumu sakafu kwamba ni mbovu. Haikunipitia akilini kwamba ni mimi. Sasa mwanga wa dirishani ulikuwa umetulia ndani yake, na mwili wote ukanisisimka. Niliogopa, kama mtu aliyeingia mahali akakuta Mungu ametangulia kufika. Mimi huyu, ambaye mdomo wangu unajulikana soko zima, nikakosa neno.

Binti yangu akaja akasimama karibu nami. Nikamnong'oneza swali lililonikaa kooni tangu arudi.

"Mwanangu, siku hizi huombi kabisa?"

"Naomba, mama. Ulikuwa ukitoka kwenda kukama ng'ombe, mimi naingia chumbani kwako, napiga magoti pale pale."

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi. Nilikuwa nawahi kabla hapajapoa."