Kiande cha Dada Yangu

Nimefundisha Kiingereza hapa Nyeri mjini kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi hunicheka nikifika kwenye neno wedding. Wao wanataka habari za gauni na keki. Mimi nawaambia kwamba hapo kale wedd lilikuwa rehani tu, kitu unachoweka mkononi mwa mwenzako ili neno lako liaminike. Hata wedlock, nawaambia, haina kufuli yoyote ndani yake. Ile lock ni mabaki ya kiambishi kikuukuu kilichomaanisha tendo, yaani tendo la kuweka ahadi. Harusi ya Kiswahili ilitoka kwa Waarabu ikiwa na bibi arusi ndani, na uhiki ya Kikuyu vilevile imembeba bibi arusi. Waingereza wa zamani wao walitaja dhamana. Wanafunzi huandika hayo kwa sababu ya mtihani, kisha wanasahau. Mimi siwezi, kwa sababu dada yangu mkubwa alizikwa mahali asipotaka, na yote ni kwa dhamana ambayo haikuwekwa.

Dada aliishi Timau na mwanamume wa Kimeru, mkulima wa viazi na mfugaji. Walikuwa na watoto wawili na nyumba ya mawe waliyoijenga polepole. Alikuwa mtu mzuri yule, na nalisema hilo mapema kwa sababu nimemkasirikia sana. Baba yetu, huko Gakindu kwenye kahawa yake, alidai jambo moja tu: mbuzi achinjwe, achomwe, na mwanamume akate kiande, yaani bega la mguu wa mbele, ampe mwanamke mkononi ale, wazee wa pande zote mbili wakiona. Kwetu, kabla ya hapo, mwanamke bado ni wa babake hata akiwa na wajukuu. Akifa, hurudishwa kwa babake.

Na shemeji alikuwa na zizi zima la mbuzi! Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilimuuliza mara nyingi anangoja nini.

"Mwalimu, siwezi kuja kwa mzee na mbuzi moja kama mtu anaenda soko," aliniambia. "Nataka tent, gari imepambwa, dada yako avae gauni. Watu waone nampenda."

"Nitavaa hilo gauni nikiwa nyanya," dada alimjibu, na tukacheka sote. Mwaka huo mvua ilikawia. Uliofuata viazi vilioza, kisha mtoto akaingia sekondari. Gauni likawa la mwaka ujao, na mwaka ujao tena. Baba naye hakutaka kwenda Timau hata siku moja. Kila mmoja alimngoja mwenzake na dada akawa katikati.

Kisha koo lake likaanza kukataa chakula. Alianza na ugali, baadaye hata mkate uliolowekwa kwenye chai haukupita. Alipoletwa hospitali hapa Nyeri alikaa kwangu, chumba cha nyuma kinachopata jua la asubuhi, na daktari akatuambia ukweli bila kuzunguka. Dada hakulia. Alinishika mkono akasema, "Nenda kwa baba. Mwambie kwangu ni Timau. Nataka kulala kwenye miti niliyoipanda, nyuma ya nyumba. Sitaki kurudishwa."

Nilimkuta baba akipogoa kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye koti. "Alete mbuzi Jumamosi," alisema. "Hema ya nini? Alete mbuzi tu."

Wiki ile ilikuwa na furaha, mkiamini msiamini. Shemeji alipiga simu kueleza rangi ya mbuzi aliyemchagua. Dada aliomba nyama, kipande kidogo kama ukucha, akawa anakitafuna taratibu na kukitema kwenye kitambaa. Alikuwa akijifunza, ili Jumamosi asiwaaibishe wazee. Nilimwambia akiigusisha mdomoni inatosha. Alikataa, akasema atameza.

Alifariki Ijumaa, kabla sijampelekea uji.

Shemeji alikuja Gakindu Jumamosi hivyohivyo, na wazee wake, na mbuzi nyuma ya pikapu. Aliingia uani akimvuta kwa kamba. "Baba," alisema, "nimeleta."

Baba alimtazama yule mbuzi. "Kiande inapewa bibi," alisema. "Sasa wewe utapea nani?"

Mimi nilipiga kelele. Nilimwambia baba kwa Kikuyu kwamba ana roho ya jiwe, na shangazi akanivuta jikoni. Niliyosikia kutoka humo ni wanaume wakikubaliana kaburi lichimbwe upande wa juu wa shamba la kahawa la baba.

Siku ya mazishi, mwendesha shughuli aliita watu kutia udongo. Aliita wazazi. Akaita watoto, ndugu, shangazi na wajomba. Kisha akasema marafiki na majirani, na hapo ndipo shemeji aliponyanyuka kwenye kiti cha plastiki, akapanga foleni nyuma ya akina mama wa chama chao cha Timau. Alikuwa amevaa suti mpya. Nilijua aliinunulia nini.

Vijana walipoanza kufukia, alichukua sepetu kwa mmoja wao. Kwetu wanaume hupokezana, huyu akichoka yule anashika. Yeye hakumpa mtu. Walimwomba wakamwomba tena, jasho linamtiririka kwenye kola, akawa anatia udongo tu kama asiyewasikia. Kijana mmoja akaushika mpini kwa nguvu. Wakaanza kuvutana pale juu ya dada yangu.

Baba alisogea mpaka ukingoni. "Muwachie," alisema, kwa Kiswahili, ili na wageni wa Timau wasikie. "Ni bibi yake."

Kijana aliachilia. Shemeji alisimama akimtazama baba, sepetu mkononi, na shimo lilikuwa limeshajaa.