Kona za Foronya

Mtangazaji wa redio aliupunguza wimbo sauti, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusoma wasia. "Wasikilizaji, mmesikia pale alipokaa kimya? Hapo ndipo bwana huyu anapowaacha wenzake wote wa jazi. Ukimya ule una falsafa."

Fundi cherehani alikuwa na pini tatu mdomoni, ndiyo maana hakucheka papo hapo. Alizitemea kiganjani kwanza, akamgeukia mumewe aliyekuwa akinywa chai mlangoni.

"Umesikia? Foronya ina falsafa."

"Foronya gani tena?"

"Ile ya maua. Nikifika kona nanyamaza, nainua mguu wa cherehani, nageuza kitambaa, nashusha, naendelea kuimba. Huyu mdogo wangu kaubeba wimbo pamoja na kona zake."

Mdogo wake huyo watu walimwita Mahameli, kwa ajili ya koti la mahameli jeusi alilovaa jukwaani, ambalo dada yake ndiye aliyelishona. Alikuwa karani wa stoo katika hoteli moja. Mwimbaji wa mchana wa Jumapili alipougua koo, karani akajitolea kushika maikrofoni, na hakuirudisha tena. Sauti alikuwa nayo, hata dada yake hakulikana hilo. Lakini kichwani alikuwa kama birika la fedha lisilo na chai.

Kutunga hakujua. Alichojua ni kuja kusalimia. Kila Alhamisi alifika na gitaa lake, akakaa kwenye kigoda chini ya magauni yaliyotundikwa, akasubiri. Dada alikuwa na mazoea ya tangu utotoni: mikono ikishona, mdomo unatunga. Aliimba habari za wateja wake. Kulikuwa na bibi harusi aliyerudi kupanuliwa gauni kabla hata ya harusi. Kulikuwa na mjane aliyeleta mashati ya marehemu yapunguzwe yamtoshe mwanawe. Mahameli aliziokota nyimbo hizo zote, akatoka ukumbi wa hoteli hadi jukwaa kubwa, na kutoka jukwaani hadi redioni, ambako alijifunza kuinamisha kichwa na kusema, "Nyimbo hunijia alfajiri."

"Alfajiri!" dada yake alisonya. "Mtu ambaye mama alikuwa akimmwagia maji ndipo aamke!"

Miaka mingi alimwachia, kwa kuwa mama yao alimwomba kabla hajafa amsaidie mdogo wake. Kisha siku moja mteja mmoja, akiwa anapimwa kiuno, aliimba ule wimbo wa mashati ya marehemu mpaka machozi yakamtoka. Akajifuta, akasema kwa upole, "Ah, fundi, wewe ungekuwa unajua muziki ungenielewa."

Tangu siku hiyo fundi alitaka kitu kimoja tu: jina lake liandikwe kwenye nyimbo zake.

"Mdogo wangu, santuri hii mpya, palipoandikwa mtunzi, uniweke mimi."

"Dada jamani! Mwanamuziki mzima natungiwa na fundi cherehani? Wenzangu si watanicheka?"

"Basi saba nilizokupa zinatosha. Wimbo wa nane ukautafute alfajiri."

"Haya. Jina lako litakuwepo kwenye jalada. Naapa kwa kaburi la mama."

Dada akampa wimbo wa nane, mzuri kuliko zote.

Santuri ilipotoka, nyuma ya jalada paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba nyimbo zote zimetungwa na Mahameli. Chini kabisa, baada ya mpiga picha na dereva, jina la dada lilikuwepo, kamili, bila kosa hata la herufi moja. Mbele yake paliandikwa: Mavazi.

"Lakini jina si lipo?" mumewe alisema. Fundi alimtazama mpaka akainamia kikombe ambacho hakikuwa na chai.

Alhamisi Mahameli alikuja akipiga mluzi, akakaa kigodani. Fundi alikuwa akipinda pazia. Pazia la kwanza likaisha, la pili likaisha, na kilichosikika ni cherehani tu.

"Dada, leo huimbi?"

"Mimi ni wa mavazi. Vua koti, kifungo kimelegea."

"Usiwe hivyo, dada. Tamasha limekaribia, wanataka wimbo mpya."

"Vua."

Akavua. Bila koti lile alikuwa karani wa stoo mwenye shingo nyembamba. Dada yake alikaza kifungo, akakata uzi kwa meno, akamtupia koti magotini. "Haya. Nenda katunge."

Akatunga. Mume wa fundi alikwenda tamashani, akarudi na habari. Kwa kuwa watu walisifu ukimya, shemeji yake alikuwa ameutia kila mahali. Ukimya wa tatu ulipofika, fundi mitambo alipanda jukwaani kukagua nyaya. Kwenye wa tano, mama mmoja wa mstari wa mbele alipiga makofi ili amsaidie kumaliza.

"Sauti ilikuwa ileile," mume alisema. "Ila ndani hamna kitu."

"Aliiba kona," fundi akajibu, "akasahau foronya."

Kesho yake mpiga kinanda wa bendi, mzee mwenye miwani, alikuja na suruali ya kupunguza.

"Suruali hiyo haina tatizo," fundi alimwambia. "Sema kilichokuleta."

"Ni kuhusu nyimbo zetu za zamani, fundi. Pale tunaponyamaza. Miaka yote namuuliza, ananiambia ni pumzi ya roho."

Fundi alichukua foronya, akaanza kushona na kuimba wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Kwenye kona akanyamaza, akainua mguu wa cherehani, akageuza kitambaa. Kidole cha mzee kilisubiri hewani, kikaigonga meza sawasawa na sindano iliposhuka. Akacheka mpaka akavua miwani.

Kisha akafungua daftari. "Anza tena, fundi, niuandike."

"Kwanza andika hapo juu mtunzi ni nani."

Mzee akaandika jina la fundi, akamwonyesha. Fundi alilisoma herufi moja moja.

"Na ndugu yako tumwandike wapi?"

Fundi alikata uzi uliozidi.

"Anaimba vizuri," alisema. "Mwandikeni chini ya mavazi."

Akashusha mguu wa cherehani, akaanza.