Fundi wa Karatasi Pale Kimulot

Yule fundi wa karatasi aliyeletwa Kimulot pamoja na mashini yake ana vidole laini, vya mtu ambaye hajawahi kuchuma chai. Kila karatasi ikitoka huigusisha shavuni, akafumba macho, akatabasamu, na akina mama wa kanisa waliomzunguka hutabasamu naye. Janeffer hubaki kando na kinu chake. Miaka minane yeye ndiye aliyeponda vijiti vya chai akawatengenezea karatasi za kadi za harusi, na hakuna aliyewahi kumzunguka hivyo. Tena fundi ana upole. Angekuwa na madharau, kumchukia kungekuwa rahisi.

Jana karatasi ya mashini ilipasuka mara tatu. Fundi akaja mpaka kwenye kinu, daftari mkononi. “Mama, yako hairaruki. Vijiti unavichemsha na nini?”

Janeffer akavuta sketi ikafunika debe la majivu, siri yake ya kulainisha vijiti. “Maji tu, mwanangu. Na maombi.”

Fundi akaandika maji, akaandika maombi. Kisha akarudi kwenye mashini, akavua miwani, akainamia sufuria yake ya vijiti, akaomba polepole mpaka mwisho. Akina mama wote wakaitika amina. Janeffer peke yake hakuitika; aliinama akazidi kuvuta sketi juu ya debe.